Spika Zilivyofika Nyuma ya Kochi

Anayenunua seti ya spika tano na sabufa huziona zile mbili za nyuma kuwa nyongeza, kitu cha kupangwa mwisho kama waya zitafika. Historia yake inasema vingine. Hizo mbili ndizo zilizowaumiza vichwa mafundi wa sinema kuliko nyingine zote. Zilijaribiwa, zikaondolewa, zikarudishwa. Na mahali tunapoambiwa tuziweke leo, pembeni na nyuma kidogo ya masikio, pana sababu ambazo karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi haizitaji.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye picha. Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza wa kampuni ya EMI, inasimuliwa kwamba alikwenda sinema na mwanamke aliyekuja kuwa mkewe wakati filamu za sauti zikiwa bado ngeni. Mwigizaji alikuwa akitembea kutoka upande mmoja wa pazia hadi wa pili, lakini sauti yake ilibaki palepale penye spika. Kwa Blumlein hilo lilikuwa kosa la kurekebishwa. Desemba 1931 aliomba hataza iliyoeleza jinsi maikrofoni mbili na spika mbili zinavyoweza kumfanya msikilizaji atambue sauti inatoka upande gani. Ndiyo stirio tunayoijua. Blumlein alifariki Juni 1942 katika ajali ya ndege ya kijeshi iliyokuwa ikijaribu mtambo wa rada, akiwa na umri wa miaka 38.

Huko Marekani, maabara za kampuni ya simu ya Bell zilikuwa zikilishughulikia swali hilohilo kwa njia nyingine. Aprili 27, 1933, okestra ya Philadelphia ilipiga muziki mjini kwao, na wasikilizaji waliokusanyika Washington, katika ukumbi wa Constitution, wakausikia kupitia waya tatu za simu na spika tatu zilizowekwa jukwaani. Kiongozi wa okestra hiyo, Leopold Stokowski, hakuwa na wanamuziki wake siku hiyo. Alikuwa Washington kwenye mitambo, akirekebisha sauti kwa mikono yake. Wahandisi wa Bell walikuwa wamegundua kwamba spika mbili zikiachana sana kwenye jukwaa pana, katikati hubaki pengo, na aliyeketi kando husikia upande wake tu. Spika ya tatu ililiziba pengo hilo. Hapo ndipo ilipotoka spika ya katikati, ile ambayo wengi huilaza chini ya televisheni bila kuijali, ingawa katika filamu ndiyo inayobeba karibu mazungumzo yote.

Stokowski huyohuyo aliungana na Walt Disney kutengeneza filamu ya Fantasia, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Novemba 13, 1940, katika ukumbi wa Broadway, New York. Mfumo wake wa sauti uliitwa Fantasound. Sauti ilikaa kwenye mkanda wake peke yake, mbali na ule wa picha, ikiwa na mikondo mitatu ya muziki na wa nne wa kuongoza ukubwa wa sauti. Mbali na spika za mbele, ziliwekwa nyingine ukumbini, zikiwazunguka watazamaji, za kuwashwa pale muziki unapofikia kilele. Ilikuwa kazi ya kustaajabisha, na ghali mno: vifaa vya ukumbi mmoja viligharimu takriban dola 85,000 za wakati huo. Miji michache tu ndiyo iliyopata kuusikia. Vita vikameza vifaa na mafundi, na filamu ikasambazwa kwingineko kwa sauti ya mkondo mmoja.

Spika za ukumbini zilirudi kwa sababu ya televisheni. Baada ya vita, familia za Marekani zilianza kubaki nyumbani jioni, na studio zikatafuta kitu ambacho kisanduku cha sebuleni hakingeweza kukitoa. Septemba 30, 1952, katika ukumbi uleule wa Broadway, ilizinduliwa Cinerama, yenye pazia kubwa lililopinda na mikondo saba ya sauti kwenye utepe wa sumaku: mitano nyuma ya pazia, miwili kwa ajili ya spika za ukumbini. Mwaka uliofuata studio ya Fox ilitoa The Robe, filamu ya kwanza ya CinemaScope, ikiwa na mikondo minne, mitatu ya mbele na mmoja wa kuzunguka.

Mkondo huo wa nne ulikuwa mwembamba na ulikuwa na mvumo. Watu waliokaa karibu na ukuta walisikia shhh ya utepe hata pale filamu ilipokuwa kimya. Dawa iliyopatikana ni mlio wa kilohezi 12 uliorekodiwa ndani ya mkondo huo, wa kuziwasha spika za ukumbini pale tu zilipohitajika na kuzizima zikimaliza. Hata hivyo wenye kumbi nyingi hawakutaka kugharamia vifaa vipya, na kufikia 1954 Fox ililegeza kamba na kukubali nakala za sauti ya kawaida.

Miaka hiyo ndiyo iliyowafundisha mafundi somo ambalo kila mwenye sebule anapaswa kulijua. Sauti kali ikitoka mahali pamoja nyuma ya mtazamaji, mtazamaji hugeuka. Macho yake yakishaacha pazia, yanaishia kwenye kibao chenye taa kinachoonyesha mlango wa kutokea, na filamu imempoteza. Ndiyo maana kumbi za sinema hazina spika moja ya nyuma bali safu nzima kwenye kuta za pembeni na za nyuma, ili pasiwe na hata moja ya kunyooshewa kidole. Mvua inanyesha, umati unanguruma, na mtu anajiona yumo ndani yake bila kujua sauti inatoka wapi. Kwa maoni yangu hakuna kanuni yenye thamani zaidi ya hii katika suala zima la kupanga spika.

Wafanyabiashara wa muziki hawakuijali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walileta mfumo wa spika nne, moja kila pembe ya chumba. CBS walikuwa na mfumo wao, Sansui wao, JVC wao, na sahani ya mmoja haikusikika sawasawa kwenye mashine ya mwingine. Wanunuzi wakachoka. Lakini hata kama wangepatana, masikio yangeupinga mpangilio wenyewe. Masikio yetu ni mahodari kwa kinachotokea mbele na dhaifu kwa cha ubavuni. Spika ya mbele kulia na ya nyuma kulia zikitoa kitu kimoja, hatupati sauti iliyosimama imara kati yake, tunapata kitu kinachorukaruka. Kuweka spika pembe nne za chumba kwa kufuata umbo la chumba ni kosa lililoishi muda mrefu kuliko mfumo ulioleta kosa hilo.

Kipindi hichohicho David Hafler, Mmarekani aliyetengeneza amplifaya, alitangaza njia rahisi ajabu. Chukua spika moja, uiunganishe kati ya vichwa viwili vyekundu vya amplifaya, cha kulia na cha kushoto. Kilicho sawa pande zote mbili, kama sauti ya mwimbaji aliye katikati, kinajifuta. Kinachobaki ni tofauti tu: mwangwi wa ukumbi, makofi, sauti za kando. Spika hiyo ikiwekwa nyuma, chumba kinapanuka, na hakuna mashine ya ziada. (Amplifaya nyingi za siku hizi zimeundwa kwa namna nyingine ndani na zinaweza kuungua kwa kufanyiwa hivyo, asijaribu asiyeijua mashine yake.)

Ray Dolby, aliyeanzisha maabara zake London mwaka 1965 na kuzihamishia San Francisco mwaka 1976, aliijenga biashara yake ya sinema juu ya wazo lililo jirani na hilo. Mfumo wa Dolby Stereo ulifumba mikondo minne ndani ya miwili, kwenye mistari miwili ya mwanga kandokando ya picha, na kifaa ukumbini kikaifumbua tena. Star Wars ilipotoka Mei 1977 watu walipanga foleni, na wenye kumbi waliokataa kununua vifaa miaka ya hamsini sasa walivitafuta wenyewe. Jambo moja halikutangazwa sana wakati huo: mikondo miwili iliyofumbwa ilipohamishiwa kwenye kanda ya video ya stirio, mikondo minne ilihamia humo pamoja nayo. Nyumba ilihitaji tu kifaa cha kufumbua. Kilianza kuuzwa mwaka 1982 kwa jina la Dolby Surround.

Sebule ina shida ambayo ukumbi hauna: spika ya nyuma iko karibu mno na sikio. Mazungumzo kidogo yakivujia huko, mtu husikia mwigizaji akinong'ona mgongoni pake. Jibu lilitokana na utafiti wa Mjerumani Helmut Haas, aliyeonyesha mwaka 1949 kwamba sauti ileile ikifika kutoka sehemu mbili kwa kuachana milisekunde chache, tunaiamini iliyotangulia. Basi mikondo ya nyuma ikacheleweshwa kidogo kwa makusudi. Risiva za leo hufanya hivyo kwa hesabu unapoziambia umbali wa kila spika kutoka kwenye kiti chako, na asiyeingiza vipimo hivyo anautupa utafiti huo wote.

Aliyebadilisha kazi ya spika za nyuma ni mbunifu wa sauti Walter Murch, kwa filamu ya Francis Ford Coppola, Apocalypse Now, ya mwaka 1979. Hadi hapo sinema nyingi zilikuwa na mkondo mmoja wa kuzunguka. Murch aliugawa: kulia nyuma, kushoto nyuma, pamoja na mitatu ya mbele na besi ya chini kabisa. Mwanzoni mwa filamu kuna msitu, na panga za helikopta ambayo bado hatujaiona zinazunguka ukumbi, kisha mlio huo unageuka kuwa feni ya dari katika chumba cha hoteli mjini Saigon. Sauti imetembea chumba kizima na hakuna anayegeuka kutazama mlango, kwa sababu yanayozunguka ni mawazo ya mtu tunayemtazama. Filamu hiyo ilipata Oscar ya sauti, na ilistahili.

Mwaka 1987, wahandisi wa sinema wa Marekani walipokutana kuamua sauti ya dijitali ihitaji mikondo mingapi, Tomlinson Holman alitoa jibu la 5.1. Tano ni zilezile za Murch. Nukta moja ni besi, ambayo inachukua sehemu ndogo tu ya masafa, chini ya hezi 120. Batman Returns ilitoka kwa mfumo huo wa Dolby mwaka 1992, Jurassic Park ikaja na wa mshindani wake DTS mwaka 1993, na mwishoni mwa 1996 DVD zikaanza kuuzwa Japani.

Hapo ukazuka ubishi wa mahali pa kuziweka. Holman, aliyekuwa ameunda viwango vya THX katika kampuni ya George Lucas, alitaka spika za pembeni zenye nyuso mbili, moja ikitazama mbele ya chumba na nyingine nyuma, zikipingana ili ubavu unaomwelekea msikilizaji uwe kimya. Zilifungwa ukutani, sambamba na kochi, kuiga ile safu ya sinema kwa spika mbili tu. Watu wa muziki na utangazaji wakashika pendekezo la shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, la mwaka 1992: spika za kawaida, zikimwelekea msikilizaji, kwenye nyuzi 100 hadi 120 kutoka mbele. Zile za mbele zikae nyuzi 30 kila upande. Siku hizi wengi wanafuata ITU, nami naona ni sawa, mradi spika ziinuliwe futi moja au mbili juu ya masikio ya aliyeketi. Zikiwa usawa wa sikio, jirani yako kwenye kochi anaimeza sauti yote.

Kwetu Afrika Mashariki spika tano ziliingia pamoja na DVD za bei nafuu, kupitia maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue, na mara nyingi zote zikaishia kwenye meza ya televisheni. Ni rahisi kulaumu. Lakini sabufa nyingi za bei ya chini hazifumbui chochote. Zinarudia sauti ileile ya kulia na kushoto kwenye kila spika, na ukizipeleka nyuma mazungumzo yanakufuata mgongoni. Aliyeziacha mbele aliyasikiliza masikio yake. Kipimo ni chepesi: weka filamu kwenye mazungumzo ya utulivu, usogeze sikio kwenye spika ya nyuma. Ikizungumza sawa na ya mbele, mashine haitenganishi. Pengine tatizo ni waya tu, maana zile mbili, nyekundu na nyeupe, hupitisha mikondo miwili. Mashine isiyo na uwezo wa kufumbua haitapata zaidi ya hapo.

Kochi lililoegemezwa ukutani, kama ilivyo katika sebule zetu nyingi, halina nyuma. Hapo fuata mpango wa zamani wa Holman: spika kwenye kuta za pembeni, juu kidogo, zikitazamana. Sakafu ya vigae na madirisha ya vioo hurudisha sauti vikali, kwa hiyo pazia zito na zulia vitafaa zaidi kuliko spika mbili za ziada.

Juni 2012 filamu ya Brave ilileta Dolby Atmos na spika za dari, na miaka miwili baadaye zikaingia majumbani. Aina nyingine hurusha sauti juu ili irudi kutoka darini, na huhitaji dari bapa isiyo juu mno. Dari ya jipsam isiyo na ngazi nyingi inaweza kufaa. Nyumba iliyoachwa wazi hadi kwenye mabati haitarudisha kitu cha maana, na fedha hiyo ni heri inunue spika nzuri ya katikati.