Divock Origi: Mtoto wa Harambee Stars aliyeng'arishwa na Ubelgiji

Juni 22, 2014, kwenye Kombe la Dunia, uwanjani Maracanã, Rio de Janeiro, Ubelgiji na Urusi zilikuwa zinaelekea kutoka sare tasa. Dakika ya 88 Eden Hazard alipenya upande wa kushoto, akakaribia mstari wa goli na kuurudisha mpira nyuma. Kijana wa miaka 19, aliyetokea benchi kuchukua nafasi ya Romelu Lukaku, aliuachia mkwaju bila kuutuliza. Kipa Igor Akinfeev akabaki kusikia nyavu zikitikisika, na Ubelgiji ikatinga hatua ya 16 bora. Jezi ilikuwa ya Ubelgiji, lakini jina la mfungaji lilikuwa la Kiluo: Divock Origi.

Ukoo wake haukuwa mgeni kwa mashabiki wa Kenya. Baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Ndugu ya Okoth, Austin Oduor, ndiye nahodha aliyeiongoza klabu ya Gor Mahia kutwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987. Katika fainali, Esperance ya Tunisia ilitoka sare ya 2-2 kwao na 1-1 Nairobi, na Gor Mahia wakabeba kombe kwa faida ya mabao ya ugenini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Okoth alihamia Ubelgiji kusakata soka la kulipwa. Divock alizaliwa Ostend, mji wa pwani, Aprili 18, 1995. Alifundwa katika shule ya soka ya Genk, klabu ambayo baba yake pia aliichezea, kisha mwaka 2010 akajiunga na Lille ya Ufaransa. Februari 2013 aliingia dhidi ya Troyes katika mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga.

Mwaka uleule alipojiunga na Lille, 2010, Kenya ilipata katiba mpya iliyoruhusu uraia wa nchi mbili. Ile ya zamani haikumruhusu mtu mzima kushika pasi mbili. Mlango ulifunguliwa, ila kijana alikuwa tayari kwenye timu za vijana za Ubelgiji.

Hata hivyo alikuwa bado hajafungwa na kanuni za FIFA. Christian Benteke, mshambuliaji wa Ubelgiji, alipoumia kabla ya Kombe la Dunia la 2014, kocha Marc Wilmots aliwashangaza wengi kwa kumwita Origi. Juni 17 aliingia kipindi cha pili dhidi ya Algeria, mjini Belo Horizonte. Mechi hiyo ya mashindano ndiyo iliyofunga hesabu. Siku tano baadaye, alipofunga Maracanã, Harambee Stars haikuwa tena na nafasi ya kumpata.

Wakenya waliolalamika kwamba wameporwa mchezaji wangemtazama binamu yake, Arnold Origi. Huyo alizaliwa Nairobi, akawa kipa wa Harambee Stars. Ukoo ni uleule. Kilichowatenganisha ni mahali kila mmoja alipofunzwa mpira. Ubelgiji ilimpata Divock kwa kumpa kocha, uwanja na mechi za kila wiki tangu utotoni. Shirikisho linalosubiri kijana afunge bao Kombe la Dunia ndipo limkumbuke babu yake, limechelewa kwa miaka kumi.