Mwiba wa Paulo na Gereza la Apolo: Hoja juu ya Udhaifu na Nguvu katika Nchi ya Ituri

Ni nadra kuhudhuria matanga mjini Bunia pasipo mhubiri kurejea habari za ule mwiba wa Mtume Paulo, ambao aliomba mara tatu uondolewe, naye akapewa neema huku mwiba ukibaki pale pale. Walakini habari hiyo, kwa kule kurudiwarudiwa mbele ya watu waliokwisha kupoteza nyumba na ng'ombe zao, imeingiwa na hitilafu ambayo wasomi wa dini hawana budi kuichungua: husikika kana kwamba unyonge wenyewe ndio fadhila, na kwamba aliyepigwa zaidi ndiye aliye karibu zaidi na Mungu.

Hasha. Paulo hakuwaandikia Wakorintho juu ya udhaifu wa jirani yake. Alijifaharisha kwa udhaifu wake mwenyewe, tena ilhali alikuwa na nasaba, elimu na maono ya kujivunia, na mbele ya watu waliomdharau kwa umbo lake na usemi wake. Yale yalikuwa maungamo, na maungamo hayageuzwi kuwa amri ya kumtwisha mwingine.

Dalili ya jambo hili tunayo karibu. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyekuwa askari kabla ya kubatizwa mwaka 1895, alifika Boga, kusini ya Bunia, mwishoni mwa 1896, wakati walimu wa Injili waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuondoka kwa njaa na kwa kutopatana na Tabaro, mtawala wa nchi. Haukupita muda mrefu, dada yake Tabaro akaangukia mkuki uliofichika majanini, akafa. Lawama ikamwangukia mgeni, akapigwa, akapelekwa Toro, upande wa Uganda, akatiwa gerezani. Baadaye alisimulia kwamba katika dhiki za siku zile Yesu alimtokea, uso wake uking'aa kama jua, akamtia moyo.

Alipofunguliwa akarudi Boga, na Tabaro yule yule hatimaye akabatizwa, akachukua jina la Paulo. Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Apolo aliijua silaha na aliijua njia ya kuwategemea wenye silaha. Lau angerudi na askari, yamkini Tabaro angetii, lakini ubatizo wake ungekuwa kodi ya aliyeshindwa. Kile ambacho nguvu ya mkono haiwezi kukitoza, yaani adui kugeuka kwa hiari yake, kilipatikana kwa mtu asiyekuwa na chochote cha kumtishia. Nguvu ipatikanayo katika udhaifu, kwa hiyo, si ile nguvu ya zamani iliyorudishwa kwa mwenyewe baada ya kitambo cha mateso. Ni ya jinsi nyingine kabisa, na haionekani mpaka ile ya kwanza imewekwa chini.

Mtu aweza kunijibu kwa kunitajia Nyankunde, ambako tarehe 5 Septemba 2002 watu waliuawa katika hospitali ya misioni, wengine wakiwa wagonjwa vitandani. Jibu hilo ni zito, na sitalipunguza uzito kwa tafsiri ya Maandiko. Udhaifu wa wale wagonjwa haukumgeuza muuaji, wala wao hawakuuchagua. Mwenye kuwahesabu kuwa kielelezo cha mwiba wa Paulo amewadhulumu mara ya pili. Apolo alirudi kwa miguu yake mahali alipopigwa. Wao hawakuachiwa njia ya kwenda wala ya kurudi. Kwa ajili yao Maandiko yana zaburi za malalamiko, na mhubiri wa matanga angefanya vema kuanzia huko.

Apolo alifariki Boga mwaka 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kinyume cha desturi ya Waganda, kuelekea msitu wa Ituri, maana safari yake huko ilikuwa haijakwisha.