Mkanamungu ni Nani?

Istilahi ya mkanamungu imejengwa juu ya kitenzi kana, kukataa jambo waziwazi, kama mshtakiwa anavyokana shitaka mbele ya hakimu. Basi ukanamungu ni msimamo: mtu amelisikia dai kwamba Mungu yupo, akalipima, akalikataa. Hapo neno limekaa sawasawa. Taabu huanza tunapombandika jina hilo kila asiyeswali na kila asiyeonekana kanisani.

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwaweka watu 755,750 katika fungu moja: wasio na dini na wakanamungu. Bibi anayemwomba Mungu kila alfajiri lakini hafuati dini yoyote akihesabiwa humo, yuko pamoja na kijana anayesema hakuna Mungu kabisa. Hawa hawafanani hata kidogo.

Tena, kabla ya kumwita mtu mkanamungu, sharti tuulize anamkana Mungu yupi. Katika karne ya 2 Wakristo ndio walioshutumiwa kwa ukanamungu katika dola ya Kirumi, kwa kuwa walikataa kuitolea sadaka miungu ya dola. Justino Mfiadini, mmoja wa Wakristo hao, alijibu kwamba kwa miungu hiyo, shutuma ni kweli. Kwa Mungu wa kweli, hapana. Mwanafalsafa Baruch Spinoza naye alitengwa na jumuiya yake ya Kiyahudi mjini Amsterdam mwaka 1656, na wengi wakaja kumwita mkanamungu, ilhali sehemu ya kwanza ya kitabu chake kikuu inamhusu Mungu. Ila Mungu wake hatendi miujiza wala habadili mambo kwa dua. Ndiye uhalisi wote uliopo. Wanaomsoma Spinoza hubishana hadi leo, na ubishi wao hasa ni juu ya maana ya Mungu.

Neno kafiri ni habari nyingine. Hiyo ni hukumu ya kidini katika Uislamu, na humfikia hata mtu anayemwamini Mungu. Mwandishi wa habari anayelitumia kwa maana ya mkanamungu amehukumu, hakueleza.

Kisha yupo anayesema: kama Mungu yupo au hayupo, hilo halijulikani. Mwaka 1869 Thomas Huxley, mwanabiolojia Mwingereza na mtetezi wa Darwin, alijiundia jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kisichojulikana. Kwa Kiswahili tunapata mwagnostiki na uagnostiki. Wapo wanaopenda kusema mwenye shaka, nami sikubaliani nao. Shaka ni hali ya moyo, na muumini mcha Mungu huweza kushikwa nayo usiku wa msiba. Huxley alikuwa na hoja: mtu asidai kujua jambo asilo na ushahidi nalo, awe anathibitisha au anakana.

Wahariri na watunzi wa kamusi, msimtafsiri mwagnostiki kuwa mkanamungu. Yeye hajakana kitu.