ROBO EKA: MASHARTI YA MSAADA WA NJAA KATIKA AYALANDI, 1845–1849

Makada wengi wanapozungumzia misaada ya maafa huuliza maswali mawili tu: magunia yalikuwa mangapi, na yalifika lini. Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Liko swali la tatu, ambalo ndilo la kisiasa hasa: mwenye njaa alipokwenda kuomba, alitakiwa atoe nini kwanza ndipo apewe? Kwa swali hilo twaweza kuitambua tabia ya dola na tabaka linaloiongoza.

Mwaka 1845 ugonjwa wa kuozesha viazi uliingia Ayalandi, na mwaka 1846 ukaangamiza karibu zao lote. Nchi hiyo ilitawaliwa na Bunge la London. Ardhi ilikuwa mali ya makabaila, na wengi wao hawakuishi hata huko. Mkulima alilima nafaka ili alipe kodi ya shamba, naye akala viazi. (Watu wa Bukoba walioijua nyarubanja hawahitaji maelezo marefu.) Ndiyo maana meli ziliendelea kubeba chakula kutoka bandari za Ayalandi wakati wananchi wakifa.

Serikali ya Peel ilinunua mahindi Marekani. Ile ya Russell, iliyoshika madaraka mwaka 1846, ilitaka mwenye njaa kwanza avunje mawe ya barabara. Kupata kibarua ilibidi jina lipite kwenye kamati ya misaada ya mahali, ambamo sauti ya makabaila ilikuwa kubwa. Machi 1847 vibarua hao walizidi 700,000. Kazi zikafungwa, yakafunguliwa majiko ya umma, na Julai 1847 watu kama milioni 3 walipewa chakula kila siku. Hapo mwanafunzi asimame kidogo. Dola hiyo ilikwisha kuonyesha kwamba inaweza kulisha. Lakini kabla mwaka haujaisha majiko yalifungwa, na mzigo ukahamishiwa kwenye Sheria ya Maskini, iliyogharamiwa kwa kodi za Ayalandi yenyewe.

Katika marekebisho ya sheria hiyo mwaka 1847, mbunge William Gregory, mwenyewe wa ukoo wa makabaila, aliingiza kifungu kimoja: mkulima anayeshika zaidi ya robo eka hastahili msaada mpaka aiachilie ardhi hiyo. Wabunge 117 walikiunga mkono, 7 wakakikataa.

Tukitazame kifungu hiki kwa macho ya mwombaji. Amefika mbele ya ofisa wa misaada, watoto hawajala. Akitaka kula leo, arudishe shamba kwa kabaila, na mwakani hana pa kupanda. Akilishikilia shamba, atakufa kabla ya mavuno. Wengi walilishikilia. Kabaila naye alikuwa na sababu ya ziada ya kufurahi: sheria ilimtaka yeye alipe kodi ya maskini kwa kila kishamba chenye thamani isiyofika pauni 4 kwa mwaka, hivyo kila mpangaji mdogo aliyeondoka alimpunguzia mzigo. Hatimaye, mwaka 1848, ilikubaliwa kwamba mke na watoto waweza kusaidiwa hata kama baba amekataa kuachia ardhi. Baba mwenyewe hakupewa kitu.

Darasani hubishiwa hapa. Mwanafunzi husema: je, si haki msaada uende kwa asiye na kitu, badala ya mwenye shamba? Hoja hiyo isipuuzwe, maana kiongozi wa shina anapoandika majina ya wenye njaa hukutana nayo siku hiyo hiyo. Lakini kupima shida ni jambo moja, na kudai mtu ajifukarishe ndipo asaidiwe ni jambo jingine kabisa. Eka moja ya mkulima si utajiri. Ni jembe lake. Anayemnyang'anya hiyo kwa kisingizio cha haki anamtengeneza mwombaji wa kudumu.

Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakahama. Mashamba ya eka 1 hadi 5, ambayo mwaka 1841 yalihesabiwa kuwa zaidi ya 310,000, mwaka 1851 yalibaki kama 88,000. Sehemu kubwa ya ardhi iliyoachwa iligeuzwa malisho ya ng'ombe. Gregory baadaye alipewa ugavana wa Ceylon, 1872 hadi 1877.