Mtoro wa Msafara na Utoro Kazini

Katika vitabu vya Wazungu waliopita Tabora karne ya 19, mpagazi aliyetua mzigo akatoweka ana jina moja tu: mtoro. Sithubutu kuwapima marehemu kwa vipimo vya leo. Wengi walikimbia njaa, viboko na ndui, na walikuwa na haki. Ninachofuatilia ni neno lenyewe, maana limedumu kuliko misafara. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Mwaka 1927, huko Dodoma, Waingereza wakajenga Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nionavyo, zama hizo ziliutambua ugonjwa wa akili kwa fujo zake. Aliyeugua kimya alibaki mvivu au mlevi.

Leo tunajua kwamba ADHD, yaani upungufu wa umakini na kutotulia, humfuata mtu hadi utu uzima, na mara nyingi haiji peke yake: huandamana na sonona, wasiwasi uliopitiliza au ulevi. Ukitibu ulevi pekee, kilichojificha nyuma yake hubaki. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Hata hivyo, mtumishi anayeacha kazi nusu na kupotea siku kadhaa hufunguliwa shauri la "utoro kazini". Afisa utumishi unayesoma hapa, kabla hujatia saini, je, umemwuliza kama amewahi kuonana na daktari?