Gome Chungu la Kivu na Somo la Urithi

Mwaka 1865 mambo mawili yalitokea mbali sana na Bukavu, na waliohusika hawakujuana kabisa. Katika mji wa Brno, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, mtawa Gregor Mendel alisimama mara mbili, Februari na Machi, kuwasomea wanasayansi wa mji huo matokeo ya miaka minane ya kuzalisha njegere. Ng'ambo ya Atlantiki, Mmbolivia aitwaye Manuel Incra Mamani alimpelekea mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger, mbegu za mkwinini alizozichuma kwenye misitu ya milima ya Andes. Habari ya Mendel imo katika kila kitabu cha biolojia kinachofunguliwa shuleni Bukavu. Habari ya Mamani haimo, ingawa mbegu zake ndizo asili ya mti unaojulikana kwenye vilima vya Kivu kwa jina la kinkina, ambao gome lake husindikwa kuwa dawa katika kiwanda cha Pharmakina, humu humu mjini.

Mwanafunzi anayejiandaa kwa Mtihani wa Leta, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hujifunza urithi, kloni na uhandisi wa jeni katika sura tatu zilizotengana. Historia ya mkwinini inazibeba zote tatu kwa pamoja, na sehemu yake imetendeka kwenye ardhi yetu.

Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga kwinini, dawa ya malaria, kutoka kwenye gome. Tangu hapo kila dola iliyotaka kutawala nchi za malaria iliutamani mti huo, nazo nchi za Andes zilijitahidi kuzuia mbegu zisitoke. Mamani aliijua misitu hiyo kuliko mgeni yeyote. Aliitambua miti yenye gome bora, akaisubiri miaka kadhaa kwa sababu baridi kali iliua maua, kisha akazifikisha mbegu kwa Ledger. Aliporudi kutafuta nyingine alitiwa ndani, akapigwa, na mateso hayo yakamletea mauti. Serikali ya Uingereza ilizikataa mbegu zile. Waholanzi walinunua kiasi cha nusu kilo tu, wakazipeleka Java.

Miche ilipokua, mkemia Bernelot Moens alipima gome la mti mmoja mmoja. Aina nyingine zilizokuwa zikilimwa zilitoa kwinini kidogo, asilimia mbili au tatu, lakini baadhi ya miti ya Ledger ilipita asilimia kumi. Kufikia miaka ya 1930 Java ilikuwa ikitoa karibu kwinini yote ya dunia.

Waholanzi walipoanza kuzidisha miti hiyo bora kwa mbegu, walikutana na tatizo ambalo njegere za Mendel hazikuwa nalo. Ua la njegere hujichavusha lenyewe, na ndiyo maana Mendel aliweza kupata ukoo wa mimea mirefu uliozaa mirefu, na ukoo wa mifupi uliozaa mifupi, kabla ya kuichanganya na kuhesabu. Mkwinini una maua ya namna mbili: mti mmoja huwa na maua yenye shingo ndefu ya ogani ya kike na stameni fupi, na mwingine huwa na kinyume chake. Chavua ya namna moja hufanya kazi vizuri kwenye ua la namna ya pili, na wadudu ndio wanaoipeleka. Kwa hiyo kila mbegu ina wazazi wawili tofauti, na mti wenye kwinini tele waweza kuzaa watoto wa kila hali. Tena wingi wa kwinini hautegemei jeni moja tawala na nyingine fifi. Jeni nyingi huchangia, kila moja kidogo. Hapa mwanafunzi aliyekwisha kujua kanuni za Mendel anaanza kuona jinsi urithi ulivyo mpana.

Jibu la Waholanzi lilikuwa na hatua mbili. Kwanza walivitenga vitalu vya miti bora mbali na aina nyingine, ili chavua isichanganyike. Pili walibebesha: walikata kikonyo cha mti bora, wakakiunga juu ya shina changa la aina nyingine, *succirubra*, yenye mizizi yenye nguvu lakini kwinini haba. Kikonyo hicho hukua kikiwa na jeni zile zile za mti kilikotoka. Hiyo ndiyo kloni. Dunia ilishtuka Februari 1997 ilipotangaziwa kuzaliwa kwa kondoo Dolly huko Uskoti, na ilikuwa na sababu, maana kumnakili mnyama mzima kutokana na seli ya mwili uliokomaa kulikuwa jambo jipya. Kuinakili mimea kulikuwa kazi ya kawaida ya bustani zaidi ya miaka mia moja kabla yake.

Afrika Mashariki iliingia katika habari hii mapema. Kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima ya Usambara, kilipanda mikwinini, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia bahari, dawa ya askari wao ilitoka kwenye magome ya huko. Upande wetu, Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, iligawia walowezi ardhi ya Bushi na Buhavu. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, ambayo kituo chake cha Mulungu, wilayani Kabare, kilichagua na kuzalisha mikwinini pamoja na kahawa na mazao mengine. Kimo cha nchi yetu, mvua yake na ubaridi wake viliufaa mti wa Andes.

Kisha Machi 1942, katika Vita Kuu ya Pili, Japani ikaiteka Java. Majeshi ya Muungano yalipoteza kwinini yao ghafla wakati askari wao walikuwa wakipigana kwenye nchi za mbu, na mikwinini ya Kongo ikapata thamani ambayo haikuwa nayo. Aliyekata, aliyechuna na aliyeanika magome hayo alikuwa mwananchi wa Kivu, mara nyingi juu ya ardhi iliyokuwa ya babu zake.

Baada ya vita klorokwini, dawa ya kutengenezwa viwandani, ilionekana kuumaliza umuhimu wa gome. Lakini vimelea vya malaria navyo hurithishana. Kimelea chenye badiliko dogo katika jeni iitwayo *pfcrt*, ambayo watafiti waliitambua mwaka 2000, huponea klorokwini na kuzaa wenziwe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 usugu huo ulikwisha kufika Afrika Mashariki. Kwinini ikaendelea kuokoa maisha, na Pharmakina ikaendelea kuwepo kupita vita vya 1996 na 1998. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano ya atesuneti ichukue nafasi ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali, baada ya utafiti uliohusisha pia Kongo kuonyesha kuwa huokoa wengi zaidi.

Atesuneti hutokana na atemisinini, inayopatikana katika mmea uitwao atemisia, na hapa ndipo sura ya tatu ya kitabu inapoingia. Mwaka 2006 kundi la Jay Keasling huko California lilitangaza kuwa limetia jeni za atemisia ndani ya chachu, nayo ikatengeneza kemikali inayotangulia atemisinini. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza kuizalisha hivyo kiwandani Italia. Wakulima wa atemisia wa Kenya, Tanzania na Uganda walikuwa na haki ya kuuliza kazi yao itaishia wapi. Mazao ya shambani yaliposhuka bei, Sanofi yenyewe iliona njia hiyo hailipi, ikakiuza kiwanda.

Kwinini ya kuuzwa bado hutoka kwenye gome. Wanakemia Woodward na Doering walionyesha mwaka 1944 njia ya kuiunda maabarani, lakini njia hiyo ni ndefu na ghali mno. Siku ambapo chachu itaweza kuitengeneza kwa bei nafuu, Kivu itakuwa imesimama pale iliposimama Bolivia mwaka 1865: nchi yenye mti, mbele ya wageni wanaotaka jeni zake.

Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka mwenye rasilimali ya jeni aombwe idhini na agawiwe faida. Mamani hakuwa na sheria kama hiyo. Lakini sheria husaidia watu wanaojua kilichomo mikononi mwao, na ujuzi huo huanzia shuleni. Mwalimu wa biolojia wa Bukavu hahitaji maabara ya gharama ili kuuanza. Anaweza kuwapeleka wanafunzi Mulungu wakauone mti, wakatazame maua ya namna mbili, wakajifunze kubebesha kwa mikono yao, kisha wakajadili kwa nini shamba la kloni moja laweza kuangamizwa na ugonjwa mmoja, kama vile kimelea *Phytophthora cinnamomi* kinachoozesha mizizi ya mikwinini. Mwanafunzi aliyefanya hivyo ataweza kumuuliza mgeni anayekuja kuchukua sampuli ya jani: jeni hizi zinaenda wapi, nani atazimiliki, na watu wa Kivu watapata nini?