Ukarabati wa majahazi na mashua za mbao

Ukarabati wa vyombo vya mbao ni kazi ya kukagua, kuziba, kubadilisha na kupaka upya sehemu za jahazi au mashua iliyotumika miaka mingi. Katika Afrika Mashariki kazi hii imekomaa zaidi mwambaoni, Unguja na katika visiwa vya Lamu, ambako kijiji cha Matondoni kinajulikana kwa mafundi wake wa vyombo. Katika Kivu ya Kaskazini inahusu mashua za wavuvi wa Ziwa Edward, zinazoleta samaki wanaouzwa Butembo, Beni na katika vijiji vya milimani kama Masereka. Mbao na misumari ni vilevile kote kuwili, lakini mambo mawili huitenganisha kazi ya ziwani na ya baharini: chumvi, na kupwa na kujaa kwa maji.

Baharini, kupwa na kujaa kwa maji humpa fundi karakana isiyo na gharama. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji ya Unguja hufika karibu mita 4. Chombo huletwa ufukweni maji yakiwa yamejaa, hutegemezwa kwa magadi, yaani miti ya kuegemeza, pande zote mbili ili kisilale ubavu, na maji yakitoka tumbo lake lote huwa wazi kwa saa kadhaa. Kazi ndogo humalizika kabla maji hayajarudi. Kazi kubwa, kama kubadilisha mbao za chini, hudai chombo kipandishwe juu kabisa ya ufukwe kwa bamvua moja na kishushwe kwa bamvua nyingine, na ndiyo maana wenye majahazi huipanga kwa miezi ya kusi kali, bahari inapokuwa haisafiriki vizuri.

Ukaguzi huanzia ndani, kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo ambamo maji hukusanyika. Hapo, mataruma (mbavu za chombo) yanapokutana na mkuku (boriti kuu ya chini), ndipo uozo hujificha. Fundi hugonga kwa nyundo na kusikiliza: mbao nzima hutoa sauti kavu, iliyooza hutoa sauti butu. Kisha huchoma kwa ncha ya kisu mahali anapotilia shaka. Misumari nayo hutazamwa kwa makini, kwa kuwa chuma kinachoshika kutu ndani ya mbao yenye maji ya chumvi huila mbao inayokizunguka, na ubao unaoonekana mzima nje huwa umeshikwa na kutu tu. Msumari uliopakwa zinki hudumu zaidi. Wa kawaida ni rahisi siku ya kununua na ghali miaka michache baadaye.

Kalafati ni moyo wa kazi yote. Pamba iliyolowekwa mafuta husokotwa kuwa uzi mnene, kisha hushindiliwa katika nyufa za baina ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Pamba ya zamani lazima itolewe yote kwanza. Anayeshindilia mpya juu ya kuukuu hupata mshono unaovuja kwenye dhoruba ya kwanza, na anayeshindilia kwa nguvu mno huzitenga mbao na misumari yake. Kila msumari mpya hutobolewa njia kwa keekee, na chini ya kichwa chake huzungushwa uzi wa pamba yenye mafuta ili maji yasipite. Baada ya hapo tumbo la chombo huunguzwa kwa miali ya makuti makavu. Moto huo hukausha mbao na kuua wadudu wa baharini wanaotoboa. Mwisho hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Sehemu iliyo juu ya maji hupakwa sifa, mafuta ya samaki, hasa ya maini ya papa, ambayo harufu yake haimwachi mtu kirahisi lakini huzuia mbao isipasuke juani.

Tanga na kamba zina adui wao. Tanga la pamba likikunjwa bichi hupata ukungu na kuchanika hewani bila onyo. Kitambaa cha kisasa hakiozi, ila jua hukimaliza. Foromali, boriti ndefu inayolibeba tanga, mara nyingi huungwa kwa vipande viwili au zaidi vilivyofungwa kwa kamba, na mafungo hayo hukazwa upya kabla ya kila msimu. Kamba za nazi huvumilia maji ya chumvi vizuri, lakini maji ya mvua huziozesha upesi.

Jambo hilohilo huonekana kwenye mbao, na hapa ndipo ziwa linapohitaji maarifa yake. Ziwa Edward lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,325, na sehemu yake kubwa imo Kongo. Vijiji vya uvuvi vinavyotambuliwa upande wa Kongo ni Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Mashua za huko, zinazoendeshwa kwa kasia au kwa moteri ya kufungwa nyuma, haziliwi na wadudu wa baharini, kwa sababu hawaishi katika maji baridi. Uozo wa ukungu, kwa upande mwingine, ni mkali zaidi, maana hakuna chumvi ya kuuzuia. Maji ya mvua yanayotuama ndani ya mashua iliyoegeshwa huiharibu kuliko mawimbi ya ziwa. Kuifua maji kila asubuhi na kuipindua inapopumzishwa ni tiba isiyo na gharama, nayo inaongeza uhai wa mashua kuliko rangi yoyote.

Ziwani hakuna kupwa kwa maji, kwa hiyo mashua huvutwa nchi kavu kwa nguvu za watu juu ya magogo. Ikikaa juani siku nyingi mbao zake hunywea na nyufa hufunguka. Mvuvi mwenye haraka huanza kushindilia pamba katika nyufa hizo, na mashua ikirudi majini mbao huvimba na kujibana hadi kung'oa misumari. Ni afadhali ilowe kwanza kwa maji yaliyojazwa ndani, kisha izibwe palipobaki wazi.

Mbao za kubadilishia ni tatizo jingine. Vijiji hivyo vya uvuvi vimo katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambamo kukata miti kumekatazwa, hivyo mbao hutoka nje yake. Mvule, unaopendwa pia mwambaoni, unafaa sana, lakini mbao ngumu za misitu ya Beni na Mambasa husafirishwa kupitia Kasindi kwenda Uganda na Kenya, na mvuvi hushindania ubao na wanunuzi wenye fedha kumzidi. Mkaratusi unaopandwa kwa wingi milimani Lubero hupatikana kwa urahisi, ila hupinda na kupasuka unapokauka, kwa hiyo haufai kuwekwa haraka.

Kiraka cha bati juu ya lami, kinachoonekana baharini na ziwani, kinastahili kukataliwa isipokuwa kwa safari moja ya dharura. Bati hufunga unyevu ndani na kuuficha uozo hadi taruma lenyewe linapooza.

Chombo kizee kinaweza kurudishiwa uhai hata baada ya kukata tamaa. Fatah al-Khair, jahazi aina ya ghanja lililoundwa Sur, Omani, mwaka 1951, lilinunuliwa kutoka Yemen mwaka 1993, likarudishwa Sur na kukarabatiwa, nalo linaonyeshwa huko. Mipaka ipo, hata hivyo. Mbao za ubavuni hubadilishwa moja moja, mataruma pia, lakini mkuku ukioza au kupinda hesabu hugeuka. Chombo cha namna hiyo hubomolewa, na mlingoti, usukani na kila ubao mzima hutiwa katika chombo kipya.